Nilikuona Dirishani kwa Mutua

Mwende mwanangu,

Mama yako ameshakuambia yote kuhusu blanketi, maji ya kunywa huko Eldoret, na watu wanaoomba simu barabarani eti wapige mara moja tu. Umemsikia, na mimi nimemsikia akirudia. Hayo sitayagusa. Nimekaa kwenye benchi la nyuma la darasa langu hapa Malili, jua halijazama, kwa sababu nyumbani shangazi zako wanapika chapati za kukuaga na siwezi kuandika jambo hili watu wakicheka karibu nami.

Kuna Jumamosi moja baada ya Pasaka ulituambia unaenda Mbumbuni kumsaidia shangazi yako dukani. Hukwenda Mbumbuni. Nilikuona dirishani kwa Mutua, umesimama mbele ya ubao na chaki mkononi, unawafundisha watoto wake wa tuisheni. Sikuingia, na mpaka leo sijakuambia. Tumekula pamoja kila siku tangu siku hiyo, na kila nilipofungua mdomo nikuulize, nilikumbuka ya kwangu nikaomba chumvi.

Wewe unamkumbuka Mutua kama kaka. Acha nikueleze alivyokuja kwetu, maana ulikuwa darasa la tano na mama yako siku hizi hataki hata jina lake litajwe.

Aliletwa na mjomba wake kutoka Kanyangi. Alikuwa amebeba godoro jembamba lililofungwa kamba ya katani, na alikuwa amefeli hesabu na fizikia vibaya sana. Mjomba aliniambia hapo mlangoni, "Mwalimu, pesa sina. Lakini huyu ana kichwa." Mama yako akahamisha magunia ya ndengu upande mmoja wa stoo, Mutua akatandika godoro upande wa pili. Nilikuwa namfundisha jioni, wale wanaolipa wakishaenda nyumbani.

Kichwa alikuwa nacho kweli, lakini hakujua namna ya kusoma kwa mtihani. Alikuwa ananakili kitabu kizima kwa mwandiko mzuri, anapiga mistari ya rangi, kisha anasoma zile kurasa zake kwa sauti mara nyingi hadi anaridhika. Siku moja nikamwambia, "Funga kitabu. Niandikie hapa unachokumbuka." Alikaa na ile karatasi tupu mpaka machozi yakamlenga.

"Mwalimu, lakini nilikuwa nimeelewa."

"Ulikuwa umezoea kuiona," nikamwambia. "Kuijua bado."

Hiyo ndiyo mbinu yangu yote, Mwende. Sina nyingine. Unafunga kitabu, unaandika, unaona mahali penye shimo, unafungua tena hapo penye shimo peke yake. Watoto wanaichukia kwa sababu inawaonyesha wasichojua. Mutua aliichukia kisha akaishika, na aliporudia mtihani alipita hata kuniacha mimi. Pesa ya chuo hakuwa nayo. Nikamwambia akae tufundishe pamoja mpaka apate njia. Nikampa darasa la wadogo. Wewe mwenyewe ulikuwa kwenye lile darasa, na alikuwa anakuita "profesa".

Sasa nifike mahali nilipokosea, kwa sababu watu wa hapa wanaijua nusu ya hadithi hii ambayo mimi ni mtu mzuri, na wewe nimekuacha uiamini hiyo nusu.

Nilikuwa naona haya kudai malipo. Mzazi akianza kusema, "Mwalimu, mwezi ujao…" mimi nilikuwa nimeshamjibu "hakuna shida" kabla hajamaliza. Wengine walinilipa maembe. Mmoja alinilipa jogoo aliyekuwa anapiga watoto. Niliita huo upole, na kanisani nilisifiwa kwa huo upole, huku mama yako akikopa sukari dukani. Basi Mutua alipoonekana hana haya, nikamwachia akusanye yeye. Alisimama mlangoni akitabasamu, akamwambia kila mzazi siku na kiasi, nao wakalipa. Mimi nikafurahi kwamba nimepumzika. Sikuona kwamba wazazi walikuwa wanazoea kushughulika naye, na mimi nimebaki mzee wa chaki.

Na ile pesa aliyoniletea, niliitia mfuko wa shati. Kodi ya chumba, unga, sadaka, dawa ya ng'ombe, vyote vilitoka mfuko huo huo. Ungeniuliza kama darasa linatulisha au sisi tunalilisha darasa, nisingejua. Mutua aliwahi kuniambia, "Mwalimu, tenga pesa ya darasa na pesa ya nyumba, hata kama ni kidogo." Nilicheka. Nilimwambia kijana asiye na mke hawezi kunifundisha mambo ya nyumba. Nakumbuka uso wake. Alikunja midomo akachukua ndoo akaenda kuteka maji.

Wewe ulikuwa umeanza kidato cha pili alipoondoka. Shule zilikuwa zimefunguliwa, nikaja hapa Jumamosi ya kwanza nimenyoa ndevu, nimepiga shati pasi. Benchi la mbele halikujaa. Nikamuuliza msichana mmoja, wenzako wako wapi? Akatazama chini.

"Mwalimu, wako kwa Mwalimu Mutua."

Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri Mutua ameugua ghafla asubuhi ile, kwa hivyo anafundishia mahali fulani amelala. Nikavuka barabara kuu, upande alionionyesha msichana, kumtafuta nikiwa na huruma moyoni. Nikakuta ukumbi wenye mabati mapya, jina lake limeandikwa ukutani kwa rangi ya samawati, na watoto wangu ndani. Kila mtoto alikuwa na karatasi za fotokopi. Zilikuwa noti zangu, mwandiko wangu mimi, ila juu palipokuwa na jina langu palikuwa na lake. Nikatazama ile hesabu ya tangi la maji, ile ambayo nilikosea kujumlisha na huwa naisahihisha ubaoni. Alikuwa amenakili na kosa langu.

Alitoka nje akiwa ameshika chaki.

"Mutua, ungeniambia."

"Ungenikataza, Mwalimu."

"Ndiyo, ningekukataza."

"Basi," akasema, akarudi ndani kufundisha.

Likizo nzima alikuwa amepita nyumba kwa nyumba. Wazazi aliwaambia kwamba Mwalimu amechoka, macho yake si mazuri, tumpumzishe. Aliyasema hayo mchana, na jioni akarudi kwetu akala muthokoi kwenye sahani yetu. Hata jioni ya siku ile niliyomkuta ukumbini, mama yako alikuwa hajasikia, akamwekea chakula chake na kukifunika na sahani nyingine. Sikuwa na nguvu ya kumwambia. Asubuhi nilikikuta pale pale, kimegandamana, nikakipeleka kwa kuku kabla mama yako hajaamka.

Mtu akikuibia, unaweza kupiga kelele. Mutua hakuvunja sheria yoyote. Noti nilimpa mimi, wazazi niliwakabidhi mimi. Nilipojaribu kuwaeleza watu, nilisikika kama mzee mwenye wivu. Kanisani alinipa mikono miwili akasema, "Mwalimu, Mungu ametubariki sisi sote." Nikasema amina. Niliisema ile amina mbele ya watu, Mwende, na nilikuwa nataka kumtemea mate.

Hasira hiyo ndiyo iliyokula karo yako.

Nyanya yako, ambaye una jina lake, alipoona siku zake zimekaribia alisema ng'ombe zake ziuzwe ili wewe uende chuo. Niliziuza, nikaweka ile pesa benki, na nilikuonyesha ile kadi ukaishika ukacheka. Mutua alipofungua ukumbi wake nikasema nitamshinda. Nikakodi kile chumba kikubwa cha barabarani. Nikanunua viti vya plastiki. Nikanunua projekta, kwa sababu nilisikia wazazi wa siku hizi wanapenda mambo ya projekta. Nilikuwa natoa kidogo kidogo, na kila mara nilijiambia nitarudisha mwisho wa muhula. Watoto waliokuja ni wale ambao Mutua alikuwa amewafukuza kwa kutolipa. Unacheka? Mimi sikucheka.

Pesa ya nyanya ilipoisha nikaingia kwa mikopo ya simu. Wa kwanza ulikuwa mdogo tu. Wa pili nilichukua nilipe wa kwanza, na wa tatu sitaki kuueleza. Simu ikawa inalia nikiwa kwenye ubao, ikilia kwenye maombi, naizima nasema ni watu wa promosheni. Na wewe kila ukifunga shule nilikuwa nakuambia, "Soma, karo ya chuo iko." Ulikuwa unakaa jikoni umefunga kitabu, unaandika nyuma ya kalenda za zamani kile unachokumbuka, unajisahihisha mwenyewe bila kuitwa na mtu. Nilisimama mlangoni nikikutazama nikajua hiyo karo haiko. Nikakuambia tena kwamba iko.

Matokeo yakaja, umepita vizuri, barua ya chuo ikaja. Nikaanza kuuza vitu. Viti vilikwenda kwa watu wa kukodisha mahema. Projekta ilikosa mtu, mpaka fundi wa simu hapa sokoni akaniambia kuna mwalimu anayeitafuta, twende nikupeleke. Hakusema ni nani na mimi sikuuliza. Niliifunga kwa lile shuka la mama yako la maua, nikaibeba kifuani kama mtoto mchanga, tukavuka barabara. Nilipoona ile rangi ya samawati nilitaka kurudi, lakini fundi alikuwa ameshanitangulia mlangoni.

Ndipo nikasikia sauti yako. "Fungeni vitabu. Mwandike mnachokumbuka."

Watoto wakaguna vile vile wanavyoguna wangu. Nikachungulia dirishani. Ulikuwa umevaa ile sweta ya kijani, umemwinamia mtoto mmoja ukimwonyesha kitu kwa kidole. Sijawahi kukuambia unafundisha vizuri. Unafundisha vizuri kuliko mimi. Na sijawahi kuumia kama nilivyoumia pale. Alichukua watoto wa watu, nikavumilia. Alichukua noti zangu, nikavumilia. Sasa nikaona amechukua na wewe, na wewe umekubali, na jioni utakuja nyumbani kuniambia habari za duka.

Mutua alitoka. Fundi akaona nyuso zetu, akasema anaenda kununua maji.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu matokeo yatoke, Mwalimu."

"Ulimwita."

"Sikumwita. Alikuja mwenyewe." Akatazama nyuma kama uko karibu, akapunguza sauti. "Watu wa mikopo walimpigia yeye simu. Wakamwambia amkumbushe baba yake alipe. Aliniuliza swali moja tu, kwamba huwa nalipa walimu tarehe ngapi. Nikamwambia. Akaanza Jumamosi ya wiki ile ile."

Akalitazama lile shuka la maua.

"Ndiyo projekta hiyo?"

"Hapana," nikasema, nimeishika mbele yake. "Usimwambie nilikuja hapa."

"Sitamwambia."

Kwa hivyo tangu siku hiyo mimi na Mutua tuna siri moja, na tumeitunza vizuri sana, kuliko tulivyotunza urafiki.

Ulikuja jioni. Mama yako akakuuliza dukani kulikuwaje, ukasema wateja walikuwa wengi. Ulikuwa umenawa mikono, lakini kwenye mkono wa sweta kulikuwa na vumbi la chaki. Nililitazama muda wote wa kula.

Halafu ukaja na habari ya basari. Ulisema imetoka, imelipa muhula wa kwanza wote. Mama yako aliimba mpaka majirani wakaja. Nilijua hakuna basari, ni malipo ya Mutua, nikakukumbatia. Jumapili mchungaji akaniita mbele nitoe shukrani kwa niaba ya familia, na nikaenda. Mama yako alikuwa analia kwa furaha. Wewe ulikuwa unatazama sakafu. Mutua alikuwa safu ya nyuma, karibu na mlango. Nikashika maiki nikasema Mungu amefungua mlango mahali ambapo hapakuwa na mlango. Watu wakapiga makofi. Yeye pia alipiga.

Sitakudanganya tena, kwa hivyo hili nalo nalisema. Nilijiona nimesalitiwa na wewe. Hata sasa, nikiandika, najiona hivyo. Mtoto wangu alipoona baba yake anazama, alikwenda kwa yule aliyenisukuma. Ungeweza kunijia. Nimejiambia hivyo usiku na mchana, ungeweza kunijia. Lakini nikijiuliza ningekujibu nini siku ile, najua. Ningekuambia wale watu wamekosea namba. Ningekuambia karo iko. Na wewe ulijua ningesema hivyo, kwa sababu unanijua, na hapo ndipo ninaposhindwa. Uliniona mwongo kabla sijakubali kwamba mimi ni mwongo, ukanyamaza, ukaenda kufanya kazi.

Nimekuelewa, na bado inaniuma. Usiharakishe kuniondolea.

Huko uendako najua utafundisha tena. Mwanafunzi anayejua hesabu hakosi watoto wa watu wa kufundisha. Sema bei yako kabla hujakaa chini, na umtazame mzazi machoni unapoisema. Akikuletea maembe, mshukuru kwa maembe, kisha muulize pesa analeta lini. Pesa ya kazi usiitie pamoja na ya chakula, hata kama zote ni noti chache ndani ya soksi mbili. Hili silo langu, niliambiwa na Mutua nikamcheka. Na ukimfundisha mtu mbinu yako, mfundishe yote, usifiche, ila usimwache yeye ndiye azungumze na watu kwa niaba yako kwa sababu wewe unaona haya. Haya yangu ilitugharimu kuliko wizi wowote.

Ukipungukiwa, usichukue mkopo wa simu ili mimi nisijue. Nipigie unitukane kwanza. Na usinilinde tena, mwanangu. Kulindwa na mtoto wako bila kujua, kisha ukajua, siku hiyo mzee hujiona mdogo.

Nimemwambia mama yako. Nilimwambia jana mchana, akiwa anachagua ndengu kwenye ungo. Nilimwambia yote: ng'ombe, mikopo, basari, wewe na Mutua. Nilitegemea apige kelele na nilikuwa tayari. Aliendelea kuchagua.

"Ng'ombe za mama," akasema. "Zote?"

"Zote."

Akatoa kijiwe, akakitupa. Akatoa kingine. "Na ile Jumapili kanisani nilivyolia, wewe ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Hapo ndipo mikono yake iliposimama. Akauliza, "Mwende anajua kwamba unajua?"

"Hapana."

"Basi Baba Mwende, mwambie kabla hajapanda gari. Mimi sitabaki hapa na siri yenu nyinyi wawili." Akabeba ungo akaenda kukaa upande wa jikoni. Hajanisemesha tena isipokuwa kuniuliza kama nimenunua mafuta ya chapati. Usimlaumu kwa kukuficha uso leo. Ulifikiri anahuzunika kwa sababu unaondoka. Amesalitiwa na watu wawili anaowapikia, na bado amekupikia.

Projekta niliiuza hatimaye, kwa mtu wa mji wa Wote anayeonyesha mpira. Mkopo mmoja umekwisha. Iliyobaki naipunguza kwa mshahara, kwa sababu tangu mwezi jana nafundisha asubuhi katika shule moja ndogo ya watu binafsi, nasaini daftari la kufika kama kijana, na pesa ikiingia naigawa kabla haijafika kwenye shati. Muhula wako wa pili sina. Nakuambia mapema ili ujue sina. Nitatafuta, na nikipata nitakuambia nimeipata wapi.

Kesho nitakubebea sanduku mpaka stejini. Si lazima useme lolote kuhusu barua hii. Unaweza kukasirika njia nzima mpaka Eldoret, una haki. Najua pia Mutua atakuja kukuaga, maana nilimsikia akimwambia fundi wa simu. Mwache aje. Mpe mkono, umshukuru na umaanishe, kwa sababu alikuambia tarehe ya kukulipa na tarehe ikifika alikulipa, na mimi baba yako sikukufanyia hivyo.

Mimi nitasimama kando na sanduku. Sitaondoka. Ila usiniombe nimsalimie, mwanangu. Hapo sijafika.

Ni mimi, baba yako.